Kanyaga, Achia

Gari lilikuja ndani ya maboksi kumi na tisa
na fremu ya chuma iliyofungwa plastiki kama mgonjwa,
mvua ya Bethesda ikalilowesha mlangoni
kabla hata halijawa gari.
Mama alisaini karatasi ya dereva wa lori,
akahesabu maboksi, akahesabu tena:
"Gethin, na hili nalo litalala wapi?"

Likalala gereji. Baiskeli zikahamia sebuleni,
friji kuukuu ikahamia uani,
na baba akahamia huko huko na redio yake.
Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi.
Ukurasa wa arobaini na moja haukuwemo.
Huo ndio uliokuwa na usukani.

Mimi sikujua kazi, nilikuwa na mikono midogo tu.
Mikono midogo ina soko lake:
nati imeangukia nyuma ya injini, "Non, njoo";
spana haifiki, "Non, njoo".
Nikajifunza kukaza kwa kusikia, si kwa kuona,
shavu nimeliegemeza kwenye chuma baridi.
Usilazimishe. Ikigoma, rudi nyuma, anza upya.

Injini tuliitoa kwenye Mazda iliyogongwa ubavuni.
Chini ya kiti chake tulikuta kiatu kimoja cha mtoto.
Baba alikifuta vumbi, akakiweka rafuni.
Kiko hapo mpaka leo.

Nain, ndivyo tunavyomwita bibi huku,
alishona viti kwa cherehani ya mapazia,
ngozi nyekundu, sindano tatu zikavunjika,
na ya tatu ilipovunjika alisema neno
ambalo kanisani kwake halijawahi kusikika.

Zikabaki waya.
Zilimwagika boksini kama matumbo ya mbuzi,
rangi kumi na moja, na baba akazitazama wiki tatu.
Fundi umeme katika ukoo ni mmoja: ami Emrys,
aliyehamia Caernarfon ilipouzwa nyumba ya babu,
na tangu iuzwe, yeye na baba
walisalimiana kwa kadi za Krismasi zilizoandikwa na wake zao.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Mama hakuwa na jembe. Alichukua simu.

Ami alikuja Jumamosi, hakuvua koti.
Siku mbili alizungumza na waya.
Jumapili jioni taa zikawaka, moja baada ya nyingine,
akafunga sanduku lake la vifaa.
"Zimebaki breki," baba akasema, akiiambia sakafu.

Breki hazitolewi hewa na mtu mmoja.
Mmoja akae ndani, mguu kwenye pedali,
mwingine alale chini, kando ya gurudumu,
na spana, na mpira mwembamba, na chupa ya jamu.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
"Achia."

Viputo vikaja, vidogo, vingi,
hewa iliyojificha miaka yote
ndani ya bomba jipya, sijui iliingilia wapi.
Nyuma kushoto. Nyuma kulia. Mbele.
Nilishika tochi, na sijawahi kushika kitu
kwa makini namna ile.
Viputo viliisha, nadhani, saa mbili kasorobo.
Saa tatu walikuwa bado.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga, Geth."

Mkaguzi alilikataa mara ya kwanza:
kona moja ya bodi ilikuwa kali, ingemkata mpita njia.
Tukaipiga msasa, tukaivika mpira.
Mara ya pili alilipitisha bila kutabasamu.

Lina viti viwili. Tulilijenga watano.
Nain alitangulia, skafu kichwani,
na kwa kuwa halina paa mvua ikamkuta njiani,
ikamtotesha, na akakataa kushuka.

Siku hizi simu hulia Jumapili jioni.
Baba huipokea, hasemi halo.
"Nimekanyaga," husema,
kisha hukaa kimya, anasikiliza,
mguu wake wa kulia umedidimia kwenye zulia.