Swali la Jumanne

Wa kwanza alitaka tukutane kituo cha mafuta,
nje kidogo ya Llanelli, saa mbili usiku.
Akafungua buti la gari. Ndani ya boksi la ndizi
vilebu watatu, macho yamejaa tongo,
matumbo yamevimba kama maputo.
"Mama yao yuko wapi?"
"Nyumbani. Amechoka."
"Na vyeti vya chanjo?"
"Vinakuja."
Yeye swali lake lilikuwa moja tu:
taslimu au benki?

Nilikuwa na taslimu. Leo nakiri:
mkono ulikwisha ingia mfukoni.
Kilichonirudisha si busara; ni yule wa kahawia
aliyekohoa, kikohozi cha mtu mzima
katika kifua kisichozidi kikombe cha chai.
Nikaondoka. Kumkomboa mmoja
ni kulipia boksi lijalo, najua.
Bado namsikia.

Wa pili, Eluned Prosser, anaishi juu ya Tregaron,
njia nyembamba hata kondoo hupishana kwa zamu.
Hakunionyesha watoto. Alinionyesha mama:
Nel, mweusi, kifua cheupe,
akanikagua kama afisa wa forodha
kisha akaniwekea kidevu gotini.
Faili likafunguliwa: nyonga za Nel zimepigwa picha,
macho yamepimwa, baba ana jina,
na bibi wote wana majina.
"Huu mzao wa pili, na wa mwisho. Si mashine huyu.
Ukishindwa naye, hata baada ya miaka kumi,
anarudi hapa. Hapa, si kwingine. Utatia sahihi."

Nikasema niko tayari.
Akamimina chai, bila haraka.
"Jumanne," akasema, "saa nane mchana,
nani yuko naye?"

Mimi muuguzi wa zamu.
Jumanne saa nane ama niko wodini
ama nimelala kama gogo.
Ningeweza kudanganya, ila Nel alikuwa ananitazama.
"Hakuna mtu."

Akafunga faili polepole, kama anayemfunika mtoto.
"Basi rudi ukiwa na jibu."

Miezi mitano sasa. Nimeomba kubadilishiwa zamu;
Gwenllian wa mlango wa pili, aliyestaafu posta,
amekubali Jumanne, Alhamisi bado anafikiria.
Kazini wananicheka: mbwa tu, nawe unasailiwa!
Kwenye orodha ya Eluned mimi ni wa nne.

Suruali ya siku ile sijaifua.
Gotini pana unywele mmoja mweusi;
kila nikiuona
natazama kalenda.