Fundi wa Chokaa Asomewa Majibu

Daktari Kahindi akaigeuza karatasi upande wangu
kama muuza duka anayeonyesha kuwa hakupunja.
Uvimbe ulio kwenye ini la Somoe, akasema,
unavunja kolesteroli. Tena unaivunja kwa bidii.

Nikauliza: kuvunja ni kuzuri?

Mimi ni fundi wa chokaa, mtaa wa Mkomani.
Nimebomoa kuta nyingi kuliko nilizosimamisha.
Kuna kuvunja kwa kutoa:
punda wanabeba kifusi hadi kiwanja kinabaki cheupe.
Na kuna kuvunja kwa mwizi wa matumbawe
ambaye usiku huohuo anayapandisha kwake, ghorofa ya pili.
Nyundo ni ileile. Mlio ni uleule.

Daktari akavua miwani.
Zipo saratani, akasema, ambazo uvimbe ukiyavunja mafuta hayo,
ukayafanya kama ini linavyofanya nyongo,
wagonjwa wake, ukiwahesabu kwa mamia,
huonekana kuishi zaidi.
Zipo nyingine, hesabu inageuka.
Hii ya mkeo inaelekea kwenye wema.
Inaelekea, akarudia.
Sikusomei Somoe, bwana Famau. Nakusomea mamia.

Njia nzima hadi Langoni niliwaona hao mamia,
wamekaa barazani, macho ya manjano,
wanasogeana kidogo
wamwachie nafasi, au wamnyime.

Nilimkuta anachambua mchele.
Samli yake iko juu ya kabati tangu Rajabu,
maana jirani alimwapia kuwa mafuta ndiyo yaliyomla.
Nikamweleza yote, na maelezo yangu yakatumbukia nyongo:
nilichanganya ini na kifusi, mamia na punda.
Akacheka hadi akashika ubavu.
"Kwa hivyo huyo mwovu ni fundi mwenzio?"
Fundi, nikasema. Ila hatujui anamjengea nani.

Akanyamaza, akatoa chuya tatu, nne.
"Basi ndoo uniteremshie samli.
Kijiko kimoja tu.
Nataka kunusa wali wangu."

Usiku niliweka sikio ubavuni mwake,
mimi ninayegonga kuta za watu kwa kifundo cha kidole
nikajua wapi pana uwazi.
Nilisikia wali ukishuka.
Nilisikia moyo, mbali, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba ya zamani.

"Unasikia nini?"

Lala, nikasema. Bado nasikiliza.