Maji Hayana Adabu

Asubuhi natia maji kwenye mpira,
mililita mia tatu, si pungufu, si zaidi,
napiga fundo, naning'iniza
kama mbuzi wa Idi aliyekwisha chunwa,
nahesabu dakika moja.
Kisha naubingirisha juu ya karatasi ya kunyonya.
Karatasi ikibaki kavu naandika: kavu.
Ndiyo kazi yangu, mimi Mwanaidi Shekue,
ghala la nne, bandarini Tanga.
Mama yangu kule Pongwe
bado huwaambia majirani nakagua matairi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hivyo walisema. Mimi vya watu sijavilalia,
na kunguni wao nawajua kwa namba ya toleo.

Mzigo wa leo umekuja na makaratasi yaliyonyooka,
mihuri mitatu, saini yenye mkia mrefu.
Tu, tarehe ya mwisho imebandikwa.
Naikwangua kwa ukucha:
chini yake ipo nyingine,
iliyopita msimu uliopita wa machungwa ya Muheza.

Ya kumi na tisa, kavu.
Ishirini, kavu.
Ishirini na moja
tone.
Dogo, ungedhani ni jasho.
Ya ishirini na nne haikungoja hata fundo.

Wakala anapiga simu, sauti ya asali:
"Dada, katika mia, nne tu!
Hata mchele una chuya."
Chuya hailii usiku, namjibu.
Chuya haidai sare za shule.

Simu ya pili inatoka Mwakijembe.
Muuguzi Nakijwa haombi fadhila, anauliza lini.
"Boksi la mwisho nililigawa Rajabu.
Nawaambia njooni kesho,
na hiyo kesho, dada, imechanika kwa kuvaliwa."
Kwake sina la chuya.
Namsikia akirudishia mlango wa kabati;
kabati tupu lina mlio wake.

Fomu ina visanduku viwili,
pita, kataa.
Hakuna cha kuandikia: Nakijwa, niwie radhi.
Nagonga wino mwekundu, mara moja,
mkono unabaki juu ya muhuri
kama uliosahau njia ya kurudi.

Saa nane nabeba ndoo hadi nyuma ya ghala,
namwagia maji ya sampuli kwenye mchicha wa walinzi.
Umestawi kupita kiasi, umefika dirishani.
"Huu," ananitania mzee Semhando, akichuma wa jioni,
"haujui uzazi wa mpango."
Nacheka. Kisha naosha ndoo.