Tano Iliyofika

Baba alipolifunga duka la michezo pale Ruwi
makabati alimwuzia mtu wa vyuma chakavu.
Bodi akazitia ndani ya gunia la mchele,
akazisukuma mvunguni,
akasema, "Hizi nitazitengenezea siku moja."
Siku moja haikuja. Arubaini yake ilipopita
nililivuta gunia mwenyewe, kwa mguu.

Mimi ni fundi wa pampu, mtambo wa maji, Barka.
Umeme ni kazi yangu. Haukuwa mchezo wangu kamwe.

Kwa Sajeevan nimenunua kisanduku cha umeme, riali nne u nusu,
waya rangi nne, na kinywa kirefu
chenye meno hamsini na sita, ishirini na nane kila taya,
na penye la saba kizuizi,
bodi isije ikalishwa kichwa chini.
Anayeipindua anaiua, mara moja tu inatosha.

Agosti, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa.
Nalehemu juu ya meza ya kulia chakula,
Mama anavuta pua: "Ubani gani huo?"

Nyekundu, volti tano. Manjano, kumi na mbili.
Nyeusi, ardhi, nyaya nyingi nyeusi,
maana kinachokwenda sharti kirudi
na njia ya kurudia isiwe nyembamba kuliko ya kwendea.
Nyeupe, hasi tano.
Nyeupe nikaiacha inaning'inia.
Siku hizi nani ana haja na hasi?

Upande wa ukutani, ule unaoua watu,
nimeufunika plastiki na skrubu mbili,
kwa ajili ya Rayya, mtoto wa dada yangu,
ambaye kidole chake hakijaona tundu kikalipita.

Nikawasha. Kioo kikameta, kikafa, kikameta, kikafa.
Nikapima kisandukuni: tano kamili.
Nikapima kwenye bodi: nne na sitini na nane.
Waya mwembamba, mita mbili nzima,
umedokoa njiani kama mtoto aliyetumwa sukari.

"Mama, imeondoka tano, haikufika tano."

Hakuinua macho kwenye dengu anazochambua.
"Hata masanduku yetu. Wete yalitoka matano."
"Na huku yakafika mangapi?"
"Tulifika sisi."

Nikaukata waya, nikaufanya shubiri mbili.
Nikaweka mnene, nikaweka wa pili pembeni yake.
Kisha ile skrubu ndogo kisandukuni,
kwa bisibisi ya mpini wa plastiki,
nusu ya nusu ya mzunguko,
pumzi nimeibana.
Tano na nukta sifuri mbili. Kwenye bodi, siyo kule ilikotoka.

Ndege ikapanda kiooni, nyekundu, ndogo, hai.
Rayya akapiga kelele kwa Kiarabu.
Mama akageuka, akaitazama kitambo.
"Mbona bubu?"

Nikadhani spika. Spika nzima.
Nikadhani waya wa spika. Mzima.
Nusu saa nzima nashuku kila kitu
isipokuwa ule mweupe, umelala chini ya meza,
ncha wazi, haugusi kitu.

Nikauzungushia skrubu yake. Nikawasha.

Kwanza mngurumo. Kisha ule wimbo wa vyuma,
noti sita zikipanda na moja ikianguka,
na Mama, ambaye hajawahi kugusa usukani wa mchezo,
aliyekaa miaka kumi na bati la sarafu mapajani
mgongo kwa mashine zote,
akasimama, dengu zikamwagika.

"Hiyo ilikuwa ya pili kutoka mlangoni.
Ikila hela za watu. Baba yako akiipiga teke hapa."
Akaonyesha hewani, usawa wa goti.

Sarafu hapa hakuna tena, nimeweka kitufe:
ukibonyeza, bodi inaamini umelipa.
Rayya anabonyeza, anabonyeza.
Asubuhi nimekuta mezani, kando ya koleo,
baisa hamsini kumi na moja, zimepangwa mnara,
na dengu moja juu yake.