Pedali ya Tatu

Februari, giaboksi ilianza kusahau.
Ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele
na Volvo inabaki palepale,
kama mtu aliyeitwa jina asikumbuke ni lake.
Baba akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa:
"Imeungua. Nyeusi kama kahawa ya jana."

Otomatiki nyingine haikupatikana Kalix nzima,
wala Luleå, wala ng'ambo ya mpaka, Ufini.
Ila Hilding wa chuma chakavu alikuwa na gia tano za mkono,
ndani ya gari lililogonga elki,
yule mnyama wa msituni mwenye pembe pana kama sepetu.
Bei: krona mia nane na kreti ya samaki wa moshi.

"Chukua," Baba akasema.

Nikatazama suruali yake, upande wa kushoto,
ilivyokunjwa na kubanwa pini
tangu ule mwaka wa msumeno kiwandani.
(Mguu wa bandia anao. Hutundikwa ukutani na makoti.)
"Na wewe utaendeshaje?"
"Mimi nimeshaendesha."

Wiki tatu gari likakaa juu ya vigingi vya chuma,
nami chini yake juu ya kadibodi,
theluji ya matairini ikiyeyuka, ikinidondokea sikioni.
Baba juu ya ndoo iliyopinduliwa, magongo kando,
taa mkononi, amri mdomoni:
"Kumi na nne. Siyo hiyo. Kumi na nne!"
Kuna bolti moja juu kabisa, kisogoni mwa injini;
aliyeipachika pale hakuwa na mkono,
au hakuwa na moyo.
Siku mbili niliitukana kwa Kiswidi, siku ya tatu kwa Kifini,
ikalegea.

Giaboksi ya zamani ikashuka na kunitapikia sweta.
Flaiwili ikapanda, nzito kama deni.
Beringi, si kubwa kuliko pete ya ndoa,
nikaigonga polepole kwa kipande cha mti.
Halafu pleti ya klachi, halafu kebo,
halafu safari nyingine kwa Hilding, kreti nyingine,
kwa kuwa shafti ya kwenda nyuma ilipungua shubiri.
Mwisho nikapinda chini ya dashibodi kama paka mgonjwa,
nikatoa pedali mbili,
nikarudisha tatu.

Nikazungusha ufunguo. Kimya.
Betri nzima. Fyuzi nzima.
Baba akacheka mpaka ndoo ikatetemeka.
"Linangoja kuambiwa limeegeshwa.
Linauliza ule mkono wa gia wa zamani,
nao uko kwenye pipa la takataka.
Tafuta waya mbili, uzifunge pamoja, ulidanganye."

Nilipokuwa nikizimenya kwa meno
nilimwona akiinama kujikuna,
chini ya ile pini,
pale ambapo hakuna kitu.

Likawaka.

Tulilipeleka mtoni, barafu ingali nene,
ambako hakuna polisi wala ukuta.
Mimi nilijifunzia udereva kwenye gari hilihili;
mguu wangu wa kushoto ulikuwa abiria maisha yake yote.
Likazima. Likazima tena.
Mara ya nne likaruka kama chura, likazima,
na Baba akagonga paji la uso kwenye kioo.

"Basi," akasema. "Wewe kanyaga."
Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kirungu cha gia,
mkono wenye vidole vyote, wenye harufu ya dizeli.
"Mimi nitabadilisha."

Nikakanyaga. Akasukuma. Nikaachia.
Moja.
Kanyaga. Mbili.
Miti ya ukingoni ikaanza kurudi nyuma,
na hatukusema neno, tukisikilizana kupitia chuma.
Tatu ikakwaruza vibaya sana, ndege wakaruka.

"Hiyo ilikuwa yako," nikasema.
"Yako."