Tokeni Nne

Wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, Minnesota.
Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha
na mimi, miaka ishirini na mitatu, nina daftari
na mfuko wa tokeni: plastiki, kijani, tundu katikati.

Kutandika kitanda, mbili.
Kufagia ukumbi, nne. Kuchana nywele, moja.
Na dukani, yaani kidirisha cha stoo chenye wavu:
sabuni sita, sigara moja,
saa nzima ya chumba chenye mlango unaofungika, kumi.

Mgonjwa haulizwi uji, husemwa.
Sisi tuliuliza, tukaweka na bei.

Profesa Lindqvist alisema: bei ikipanda, uhitaji hushuka,
hata kwa waliorukwa na akili. Tuone.
Wiki ya tatu tukaishusha sabuni, ikawa nusu.
Wakainunua. Mstari ukalala kama ulivyochorwa kitabuni,
na Profesa akacheka
kama mtu aliyeliona jina lake gazetini.

Ila Bi Solveig Aamodt.
Alifagia hadi pasipofagiwa,
na sigara tulipoipandisha maradufu
akanunua nyingi zaidi,
wala havuti.

Nikamfuata kwa macho.
Aliwagawia wale wa tokeni moja kwa siku,
wachana nywele, wasioweza zaidi ya hapo,
akizipachika vidoleni mwao moja moja
kama mtu anayepandikiza vitunguu.

"Mbona sasa, bei ilipopanda?"
Akanitazama kama unavyomtazama mtoto
anayeuliza kwa nini maji yana umajimaji.
"Kwa sababu sasa hawazimudu."

Profesa akasema: mfute, huyo anaharibu mchoro.
Sikumfuta. Nilimsogeza chini ya ukurasa,
kwa penseli, hafifu,
ushujaa wangu wote ulikuwa huo.

Siku ya mwisho, masanduku yamekwisha fungwa,
alikuja akaniwekea gotini tokeni nne,
ujira wa ukumbi mzima.
"Keti. Usiandike."

Nikaketi. Theluji iliporomoka paani, kipande kwa kipande.
Hakusema neno, nami sikujua nauza nini,
wala kama bei ilikuwa ya haki.

Jioni hesabu ilipungua nne.
Nilimwambia Profesa zimepotea.