Jina la Mto

Tulidhani ni jina la mto,
Zigi, kama ule ushukao kutoka Amani
na baridi ya milima mdomoni.
Fundi Zigi, Barabara ya Kumi na Tatu,
lenzi jichoni, saa za watu ukutani,
kila moja na wakati wake, zikibishana.

Mji husema: waja leo, waondoka leo.
Babu alikuja leo.
Basi.

Ijumaa alifunga duka kabla ya magharibi.
Jumamosi hashiki hata bisibisi.
Nguruwe hali. Majirani wakasema,
"Huyu kabakiza shahada tu,"
Ramadhani wakamletea futari, naye akala.
Mishumaa miwili ndani ya kopo la maziwa:
sisi wajukuu tukajua anaogopa mgao wa umeme.

Mama alipofariki nikaivuta droo iliyokwama.
Springi. Akrabu zilizopoteza saa zao.
Kijitabu kinachofunguka upande wa kulia.
Nikampelekea Maalim Mwinshehe,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Zinatoka kulia kama zetu," alisema,
"ila hatujuani. Labda ni shangazi zao."
Ndani ya jalada, kwa penseli: Sigmund,
na jina la mji wa Ulaya
ambao siku hizi unaitwa vingine.

Nilianza kuuliza. Kuuliza Tanga ni rahisi,
kazi ni kunyamaza baadaye.
Nikampata Estella wa Raskazone,
binti wa karani wa mkonge kule Ngomeni,
na Naftali wa Pongwe, asiyejua lolote
ila kwamba bibi yake alifunga siku moja kila mwaka,
hata maji, na akiulizwa alikuna shingo.

Mkate ulitushinda.
Unatakiwa usukwe, na mimi hata nywele zangu
nasukwa na Saumu, mlango wa pili.
"Leta huo unga," akasema,
akausuka twende kilioni,
akaupaka yai badala ya mafuta.
"Kichwa hiki angalau hakilalamiki."

Ijumaa hiyo tulikaa dukani kwa babu, milango wazi.
Estella alikumbuka maneno manne ya mwanzo,
mengine akayaguna.
Naftali akauliza kama tunatosha.
Hatutoshi, nikamwambia, hutakiwa watu kumi,
tuko watatu.

Ukutani zimebaki saba,
ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Nilikuwa nimezitia ufunguo Alhamisi.
Zikaanza kugonga, moja, kisha nyingine,
hakuna iliyoingoja mwenzake.
Estella akainua macho, akahesabu kwa midomo,
hakusema kitu.
Akawasha kibiriti.